Toleo la usiku, beta, thabiti au la muda mrefu: umwekee lipi mtu asiye fundi?

Huanza hivi. Mtu unayemsaidia ana programu inayojifunga ghafla kila akitaka kuchapisha barua. Unachimba, unakuta watengenezaji wanaijua hiyo kasoro na wameshairekebisha. Ila marekebisho yamo kwenye toleo la majaribio tu, na toleo thabiti litakaloyabeba liko wiki kadhaa mbele. Umwekee la majaribio leo, au umwambie avumilie?

Yeye hana neno. Hajui tofauti ya toleo hili na lile, wala haimhusu. Anachotaka ni barua itoke. Anayetakiwa kujua ni wewe, maana mambo yakiharibika simu italia kwako.

Ulinganisho huu ni kwa wale wa upande huo wa simu: fundi wa ofisi, mtengenezaji mdogo mwenye watumiaji wachache, au yule mpwa ambaye ukoo mzima umemteua kuwa mtu wa kompyuta bila kupiga kura. Uamuzi huu nimeufanya mara nyingi, na mara kadhaa nimeukosea.

Tunalinganisha nini

Kwanza, toleo la usiku. Mashine hulijenga kila siku kutokana na msimbo ulivyo siku hiyo, iwe umekaa sawa au la. Firefox Nightly kwa kawaida hupata sasisho mara mbili kwa siku. Chrome ina Canary, LibreOffice (programu ya kuandikia nyaraka) ina matoleo yake ya kila siku, na Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ina tawi lisilo thabiti linaloitwa sid, jina la mhusika wa katuni, mtoto anayevunja vitu vya kuchezea. Wenyewe hawakuficha kitu.

Pili, beta. Hapa vipengele vipya haviongezwi tena na kinachosakwa ni kasoro. Tatizo la beta ni jina lake. Gmail ilianza mwaka 2004 ikiwa na neno hilo kwenye nembo na ikakaa nalo hadi 2009, wakati mamilioni ya watu wameshahamishia humo barua zao zote. Watumiaji wengi walijifunza kwamba beta ni pambo, na hadi leo ukimwambia mtu "hii ni beta" anaitikia kama vile umemtajia rangi ya programu.

Tatu, toleo thabiti, lile ambalo mtu hulipata asipochagua kitu. Vivinjari vimeharakisha sana hapa: Firefox ilihamia mzunguko wa wiki nne mwaka 2020, Chrome ikafuata mwaka 2021.

Nne, toleo la muda mrefu, ambalo halibadiliki sura kwa kipindi kirefu huku likiendelea kupokea marekebisho ya usalama. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, hutoa la namna hii kila baada ya miaka miwili na kulihudumia kwa miaka mitano. Firefox ESR, yaani Firefox ya muda mrefu, hupiga hatua kubwa takriban mara moja kwa mwaka. Blender, programu ya michoro ya 3D, nayo ina matoleo yanayohudumiwa kwa miaka miwili.

Vigezo

Nitavipima vyote vinne kwa mambo manne: njia ya kurudi nyuma, kubadilika kwa skrini, ubora wa taarifa utakazopata kasoro ikitokea, na usalama.

Utaona sijaweka "linaganda mara ngapi". Programu inayojifunga na kufunguka tena ni kero, na kero huvumilika. Inayotisha ni ile isiyojifunga hata mara moja, inayohifadhi faili la mtu kwa muundo mpya ambao toleo la zamani haliwezi kuusoma. Hiyo haitoi sauti. Unaigundua siku unapotaka kurudi.

Njia ya kurudi

Hapa ndipo ninapopima zaidi kuliko pengine popote, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: toleo la usiku la programu ya kawaida huweza kuwa na njia nzuri ya kurudi kuliko beta ya mfumo endeshi.

Chrome Canary na Firefox Nightly husakinishwa kando ya toleo thabiti, kila moja na wasifu wake, yaani mahali panapokaa alamisho na mipangilio ya mtumiaji. Nightly ikichafuka, mtu anabofya aikoni nyingine na kuendelea na maisha. Tangu Firefox 67 ya mwaka 2019, kila usakinishaji hupewa wasifu wa peke yake, na toleo la zamani hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi. Ni ulinzi mzuri sana, ingawa kwa mtu asiye fundi unafika kama dirisha lenye maneno mengi na kitufe cha kutokea. Matoleo ya kila siku ya LibreOffice nayo hujitenga kwa jina la LibreOfficeDev. Lakini angalia: kilichotenganishwa ni programu, si nyaraka. Barua aliyoihifadhi humo ni barua ile ile atakayoifungua kesho kwenye toleo thabiti. Ukimwekea mtu toleo la usiku, mpe folda ya nakala, afanyie kazi nakala, asiguse asili.

Mifumo endeshi haina jirani wa kukimbilia. Ukiiweka kompyuta kwenye chaneli ya Canary ya Windows Insider, mpango wa Microsoft wa wajaribu, kutoka humo kwa kawaida kunadai Windows isakinishwe upya. Debian sid haina utaratibu rasmi wa kushuka kurudi kwenye toleo thabiti. Kwenye simu mambo ni makali zaidi, kwa sababu simu ndiyo iliyobeba picha, ujumbe na pesa. Ukijitoa kwenye beta ya Android kabla toleo rasmi halijatoka, simu hufutwa data yote. Kwa iPhone, nakala rudufu iliyochukuliwa ukiwa kwenye beta huenda isikubali kurejeshwa kwenye iOS ya nyuma, ndiyo maana Apple yenyewe hushauri uweke nakala kwenye kompyuta kabla hujaanza.

Beta ya programu moja moja ya simu iko katikati. Unaacha majaribio, unaiondoa programu, unasakinisha ya kawaida. Kilichokuwa kimehifadhiwa mtandaoni kinarudi. Kilichokuwa ndani ya simu peke yake kimekwenda. Mtu asiye fundi hajui kipi kiko wapi, na mara nyingi hata wewe hujui mpaka ufungue mipangilio na kuangalia.

Toleo thabiti je? Lina njia ya kurudi iliyotembelewa na wengi, lakini si kinga. Oktoba 2018 Microsoft ilianza kusambaza sasisho kubwa la Windows 10, namba 1809. Baadhi ya waliolipokea walikuta faili zao zimefutwa, hasa wale waliokuwa wamehamisha folda kama ya nyaraka kutoka mahali pake pa asili. Usambazaji ulisimamishwa ndani ya siku chache, na sasisho likarudi Novemba 13. Lile lilikuwa toleo la watu wote. Weka kisa hiki kiporo, nitakirudia.

La muda mrefu ndilo linalokudai njia ya kurudi kwa nadra zaidi. Lakini siku yake ya kuhama ikifika, hatua ni ndefu: umeruka mabadiliko ya mwaka au miaka miwili kwa mkupuo, na kurudi kutoka hapo si rahisi. Kuna na mtego mdogo. Kumtoa mtu kwenye Firefox ya kawaida kumpeleka ESR ni kumshusha toleo, kwa hiyo wasifu wake utakataliwa vile vile. Anayetaka ESR aanze nayo.

Skrini inavyobadilika

Mtu asiye fundi hajui programu; anajua mahali. Kuchapisha ni kitufe cha tatu kutoka kulia. Mara nyingi pembeni ya kompyuta kuna karatasi yenye hatua saba zilizoandikwa kwa mkono, na karatasi hiyo ndiyo mwongozo wake wote. Kitufe kikihama, haoni kwamba kimehama. Anaona kimepotea.

Toleo la usiku huhamisha vitufe bila taarifa, hukileta kipengele leo na kukiondoa keshokutwa. Lina na tabia nyingine mbaya zaidi kwa msaidizi, ambayo beta inayo pia: majaribio yanayowashwa kwa sehemu tu ya watumiaji. Wewe una toleo lile lile, namba ile ile, lakini skrini yako haifanani na yake. Unamwambia abofye juu kushoto, anaapa hakuna kitu hapo, nawe unaanza kumshuku bure.

Halafu kuna lugha. Maneno mapya huingia kwenye msimbo kwanza, tafsiri hufuata baadaye, mara nyingi karibu na kipindi cha beta. Anayetumia programu kwa Kiswahili atakuta kwenye toleo la usiku menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na hiyo nusu ya pili ndiyo hasa yenye jambo jipya linalohitaji maelezo. Sijaona mafundi wengi wakilitaja hili, labda kwa kuwa wao wenyewe hutumia Kiingereza.

Thabiti hubadilika kidogo kidogo, na jicho huzoea. La muda mrefu hukaa kimya kwa kipindi kirefu, kisha siku moja karatasi yote ya hatua saba inabidi iandikwe upya.

Taarifa utakazopata

Simu zenyewe husikika hivi:

"Mwanangu, imekataa."

"Imekataa vipi, mama?"

"Imekataa tu. Na sijagusa kitu."

Mtengenezaji anahitaji namba ya toleo, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Kati ya hayo na "imekataa" kuna daraja, na daraja hilo ni wewe. Nimejifunza kutouliza "kuna ujumbe gani wa hitilafu?", kwa sababu jibu ni "hakuna" hata kama umejaa skrini nzima. Namwambia: nisomee maneno unayoyaona, uanzie juu. Anasoma, na humo humo katikati ya sentensi ya tatu kitu chenyewe kinajitokeza.

Kwa toleo la usiku, daraja hilo ni jembamba mno. Hadi mama apige simu jioni, wewe uandike taarifa kesho yake, na mtengenezaji aisome, toleo lililokosea limeshapitwa na mengine kadhaa. Jibu la kwanza litakuwa: jaribu na la leo. Mtu anayetaka barua itoke hatavumilia mchezo huo zaidi ya mara mbili. Ripoti za moja kwa moja, zile zinazotumwa programu ikijifunga, husaidia kiasi, lakini zinakamata kujifunga tu. Hazikamati kitufe kilichopotea. Tena huweza kubeba mambo ya mtu, kama anwani za kurasa alizokuwa amefungua, kwa hiyo mwombe ruhusa kwa maneno anayoyaelewa kabla hujamwashia.

Beta, kinyume chake, ndipo taarifa za watu wasio mafundi zinapopata thamani. Wao wana maandishi yaliyokuzwa mpaka yanafunika nusu ya dirisha, diski iliyojaa, majina ya faili marefu kama barua, printa ya zamani ambayo hakuna mtengenezaji anayeikumbuka. Wanakanyaga pembe ambazo wajuzi hawazifikii. Na namba ya beta hukaa muda wa kutosha hadi taarifa ifike ikiwa bado ina maana.

Sasa kile kiporo. Kasoro ya kufuta faili ya 2018 ilikuwa imesharipotiwa na wajaribu kabla sasisho halijatoka. Taarifa zilikuwamo kwenye mfumo wa maoni, ila wachache tu ndio waliozipigia kura, zikazama chini ya mengine. Kwa hiyo kumweka mtu kwenye beta ukidhani unachangia, halafu taarifa zake zikaishia kwenye fomu isiyosomwa, ni kumbebesha hatari bila faida. Kabla hujamwekea, jua kuna binadamu gani upande wa pili anayesoma.

Kwa toleo thabiti, mara nyingi mtu mwingine ameshauliza swali lako na likajibiwa. La muda mrefu lina taarifa nzuri na majibu ya kukatisha tamaa: kasoro inajulikana, imerekebishwa kwenye toleo jipya, huku haitaletwa.

Usalama

Hapa sitakaa. Thabiti na la muda mrefu hupokea viraka vya usalama kwa utaratibu. Toleo la usiku hupata msimbo mpya mapema, lakini mapema si sawa na kuhudumiwa: timu ya usalama ya Debian hutoa matangazo yake kwa ajili ya toleo thabiti, huku sid ikitegemea kila msimamizi wa kifurushi, yaani mtu anayeitunza programu fulani humo. Beta iko kati ya hayo mawili.

Neno "thabiti" nalo lisikulaze usingizi. Julai 19, 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, lililokwenda kwa wateja wa kawaida na si wajaribu, liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa makadirio ya Microsoft, na nyingi zilihitaji mtu asimame mbele ya mashine na kufuta faili kwa mkono. Kilichokosekana ni kupeleka kwa awamu. Kama wewe ni mtengenezaji, Google Play inakuruhusu kutoa toleo kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza. Itumie hata kwa toleo unalolipenda.

Lipi linamfaa nani

La usiku linamfaa anayeweza kueleza mwenyewe kilichotokea na ambaye kupoteza siku moja ya kazi hakumwumizi. Kwa mtu asiye fundi linafaa kama kifaa cha muda cha jambo moja, si makazi.

Beta inamfaa mdadisi. Wapo, na si lazima wawe wajuzi. Nimewahi kuwa na mzee mmoja asiyejua folda ni nini lakini aliyeandika kila kilichomshangaza kwenye daftari, pamoja na saa. Mtu kama huyo ana thamani kuliko wajaribu kumi wanaobofya na kunyamaza.

Thabiti linamfaa anayetumia mtandao kila siku na anayeweza kumeza badiliko dogo kila mwezi. La muda mrefu linamfaa mwenye karatasi ya hatua saba, na anayesimamia mashine nyingi peke yake.

Kwa hali yako

*Kasoro moja imemzuia kazi na dawa iko kwenye toleo la usiku tu.* Kama ni programu inayokaa kando ya nyingine, mwekee, lakini lijaribu kwanza wewe mwenyewe, uipe aikoni jina linaloeleweka kama "YA KUCHAPISHIA TU", umzimie masasisho, na uandike kwenye kalenda yako siku toleo thabiti litakapofika ili uje kuliondoa. Kivinjari kiache nje ya mpango huu: toleo la usiku lililogandishwa halifai kutembelea mtandao. Kama dawa iko kwenye mfumo endeshi wa majaribio, mtafutie njia nyingine ya kuchapisha.

*Unamsaidia mtu aliye mbali, kwa simu tu.* Mpe toleo lile lile unalotumia wewe, lolote liwe. Kuona skrini inayofanana na yake kunaokoa muda kuliko marekebisho yoyote.

*Ana simu moja tu na kila kitu kimo humo.* Beta ya mfumo hapana, hata akiomba. Beta ya programu moja inawezekana, ukishajua data yake inakaa wapi.

*Ofisi yenye kompyuta nyingi na wewe mmoja.* La muda mrefu kwa wote, na mashine moja au mbili kwenye beta, moja ikiwa yako, uone kinachokuja kabla hakijawafikia wengine.

*Wewe ndiye mtengenezaji na unataka wajaribu wasio mafundi.* Wape beta, wachache unaoweza kuwapigia wewe mwenyewe. Usibadilishe muundo wa faili katika beta bila kuacha njia ya kuhifadhi kwa muundo wa zamani. Weka kitufe cha kunakili namba ya toleo, maana kuisoma kwa simu ni mateso kwa pande zote mbili.

*Ameshawekwa kwenye beta ya simu, na sasa unataka kumtoa.* Usimtoe leo. Subiri hadi toleo hilo litangazwe rasmi na simu yake ilipokee. Hapo Android hukuruhusu kujitoa bila kufuta kitu, na kwenye iPhone unazima masasisho ya beta kwenye mipangilio. Ila fanya hivyo siku ile ile, kabla beta inayofuata haijashuka yenyewe usiku.